USHAURI WA KILIMO: Vuli Imeingia, Mama wa Malkia Achaguliwe Sasa

Kiangazi kinapokwisha mkoani Mara, mizinga mitupu si ajabu. Maua yakikauka nyuki huhama. Siafu na nyegere humalizia waliobaki. Huko Bunda na Butiama, dawa za pamba nazo huua wengi.

Mfugaji wa Buswahili mwenye mizinga michache, anayefuga kwa kupenda tu, huanza upya kwa kupaka nta ndani ya mzinga safi, kuusugua mchaichai na kuutundika mtini. Kundi likiingia, bado ni bahati nasibu: moja hukaa misimu miwili, jingine huondoka baada ya wiki chache.

Ndiyo sababu ya kukuza malkia. Ukali na wepesi wa kuhama hurithiwa. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, na uzao wake ukafika hadi Marekani pamoja na ukali wake. Basi mbegu itoke kwenye kundi lililovumilia kiangazi bila kuhama, hata kama asali yake si nyingi kuliko zote.

Mfugaji asiharakishe, kwani malkia mpya atahitaji madume wa kumpanda. Dume huchukua siku 24 tangu yai hadi kutoka, kisha wiki mbili hivi kukomaa. Majana ya madume yaliyofunikwa yakionekana, kazi ianze.

Jioni, kwa moshi na mavazi kamili, achukue kutoka kundi hilo la mbegu kiunzi chenye mayai na majana machanga, pamoja na nyuki waliokishikilia. Akiweke katika mzinga mdogo, aongeze kiunzi cha asali na chavua, na ahakikishe malkia amebaki kwake. Mzinga huo ausogeze mbali, la sivyo nyuki wakubwa watarudi nyumbani.

Wakikosa malkia, nyuki hao wataanza kumkuza mpya; siku ya tatu akague. Chumba cha malkia kilichokwisha kufunikwa kimetokana na jana aliyekua mno. Akiondoe, abakize viwili vilivyo wazi na vyenye maziwa mengi ya nyuki.

Malkia hutoka takriban siku ya 16 tangu yai litagwe, hukaa siku kadhaa, kisha huruka kupandwa na madume wengi angani. Kipindi hicho mzinga usifunguliwe, na jirani mwenye pamba aombwe kupulizia dawa jioni, nyuki wakisharudi.

Mwezi ukitimia, yatafutwe mayai, moja moja katikati ya kila tundu. Yasipoonekana, kundi hilo lipewe kiunzi kingine cha mayai kutoka kwa mama yuleyule, au liunganishwe na jirani yake kabla halijadhoofika.