Utata wa Jina Moja: Kutoka Soko la Kangeta hadi Lugha ya Java

Makala haya yanachunguza utata unaozuka pale jina moja linapobebeshwa kazi nyingi. Tuanze na tungo hii: "Niletee Kangeta kilo mbili." Kangeta ni mji ulioko Igembe ya Kati, Kaunti ya Meru. Ni aina ya miraa vilevile. Je, msemaji anataja mahali pa kupelekewa mzigo, au miraa anayoitaka? Isitoshe, katika biashara hiyo "kilo" huweza kuwa bunda la shurba 10 lisilopimwa kwa mizani. Tungo moja, maana nne.

Kisarufi, chanzo ni bayana. Nomino ya kawaida hutofautisha "niletee soko" na "niletee sokoni", lakini jina maalumu la mahali halichukui kiambishi -ni. Umbo halimsaidii msikilizaji.

Waandishi wa programu wanalijua tatizo hili. Java, lugha iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, huruhusu methodi kadhaa kushiriki jina mradi vigezo vyake vitofautiane. Chukulia methodi mbili ziitwazo lete: ya kwanza hupokea kitu cha aina ya Mahali, ya pili cha aina ya Miraa. Ikipewa kitu chenye aina bayana, kompaila huchagua bila taabu. Ikipewa null, yaani thamani tupu inayokubalika na aina zote mbili, hukosa msingi wa kuchagua, nayo huikataa programu papo hapo. Aina moja ingekuwa tanzu ya nyingine, ingeichukua ile iliyo mahususi zaidi.

Sokoni hakuna kompaila. Msikilizaji huchagua maana moja kimyakimya, na kosa hugunduliwa mkulima anapohesabu malipo yake.

Tiba ni mbili. Kwanza, kazi tofauti zipewe majina tofauti, mathalani pelekaMahali na letaMiraa. Pili, jina likibaki moja, aina ibainishwe wakati wa kuita. Ndivyo ilivyo katika usemi: "Niletee hapa mjini Kangeta mabunda mawili ya miraa."

Sisi wanafasihi tumezoea kuusifu utata, na katika shairi una haki yake. Hata hivyo, katika mkataba, risiti na programu, gharama yake hulipwa na mtu ambaye hakuitunga sentensi. Tunapofundisha semantiki, mifano ya namna hii ipewe nafasi darasani.