Laptopu imestaki? Usikimbilie kuizima kwa nguvu

Wenye steshenari wenzangu, hii ni kwa wanaotumia Ubuntu. Programu ni ya bure, ila daftari la madeni likipotea hiyo ni hasara. Hapa dukani kwangu Ukata natumia laptopu ya ramu GB 4. Ikiganda huku mteja anasubiri barua yake, nafuata hivi:

1. Subiri dakika 2. Taa ya diski ikipepesa, mashine bado inahangaika. Mara nyingi ramu imejaa.

2. Bado? Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ikija skrini nyeusi, weka jina na nywila. Kama ulifungua kurasa nyingi za Firefox, andika: pkill firefox. Kisha Ctrl+Alt+F2 urudi. Firefox inafungwa, barua ya mteja inabaki.

3. Imegoma kabisa? Shikilia Alt na PrtSc (laptopu nyingine ongeza Fn), bonyeza S, U, B, moja moja, taratibu. Itajiwasha upya bila kuumiza mafaili ya kwenye diski. Ila kazi ambayo hujaisevu hairudi.

Kwa hiyo kinga ifanye leo: LibreOffice > Tools > Options > Load/Save > General, washa AutoRecovery, weka dakika 5.

Inaganda kila siku hata bila kurasa nyingi? Ikishawaka andika: journalctl -b -1 -p err. Piga picha hayo maandishi, mtumie fundi kabla hujalipa nauli ya Mbinga au kununua ramu mpya.

Yako inaganda ukifungua nini? Niandikie hapo chini.