Ndege Wawili Hekaluni
Somo: Walawi 12:6-8, Luka 2:22-24

Sheria ya Musa ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwana-kondoo na ndege mmoja. Asiyekuwa na uwezo alitoa ndege wawili tu. Yusufu na Mariamu walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka hiyo ya maskini. Hawakukopa kondoo ili waonekane.

Je, sisi? Krismasi ikikaribia twakopa dukani nguo, soda na zawadi, wala hatuulizi mwenzetu ana haja gani. Mwaka mmoja tulimnunulia mtoto wetu wa ubatizo viatu vya kung'aa. Vilimbana, akavivaa siku moja tu. Januari tukamkuta darasani hana daftari. Tuliona haya, maana fedha ile ingalitosha madaftari ya mwaka mzima.

Kutoa si kosa. Mamajusi nao walitoa. Kosa ni kutoa ili tusifiwe, bila kumwangalia anayepewa. Basi tuulize kwanza, ndipo tununue. Na fedha ya shule tuiweke kando kabla ya sikukuu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni zawadi gani tuliyopewa tusiitumie?
2. Januari hii, jirani yetu atahitaji nini?