Miaka ya Foleni: Yanayokumbukwa na Wazee wa Shelui



Katika somo la mwezi huu twataka kuyatazama mambo yaliyowapata wazazi wetu kati ya mwaka 1979 na mwaka 1986, ambayo wazee wa Shelui huyaita kwa neno moja tu, "miaka ya foleni". Sisi tunaoandika tulizaliwa dhiki ile ilipokuwa ikielekea kwisha, nasi hatukumbuki ila moshi wa kibatari. Kwa hiyo tuliwaendea waliokuwa watu wazima wakati ule, tukakaa nao, tukawauliza.

Kwanza na tueleze asili ya dhiki yenyewe, kwa kuwa vijana wengi hudhani ililetwa na vita peke yake. Vita ilikuwa sababu kubwa, ni kweli. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na gharama yake ikailemea hazina ya nchi. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana, ikashuka. Nayo bei ya mafuta ikapanda mwaka ule ule wa 1979. Tena hapa nyumbani vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976, na maduka mengi ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya vijiji yashike mahali pake. Basi fedha za kigeni zilipokwisha, viwanda vikakosa vipuri, na sabuni, sukari, nguo na viberiti vikatoweka. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa muda wa miezi 18. Mkanda ule ulikaa kiunoni miaka saba.

Shelui yetu, kwa wasiopajua, iko wilaya ya Iramba, chini ya mlima wa Sekenke, katika njia kuu iendayo Nzega na Mwanza. Lami haikuwapo siku zile. Malori yalipita yakiacha vumbi. Dhahabu ya Sekenke yajulikana tangu siku za Wadachi, na mzee mmoja alicheka akatuambia, "Tulilala juu ya dhahabu, wanangu, tukafua kwa majani ya mpapai."

Akina mama ndio wanaokumbuka zaidi. Walituhesabia mambo mengi, hata tukashindwa kuandika kwa haraka: chai iliyotiwa asali kwa kukosa sukari, magadi yaliyotiwa katika mlenda chumvi ilipokosekana, michembe iliyoliwa asubuhi na jioni, katambuga za mpira wa gari miguuni mwa watoto wa shule. Kiberiti kilipokosekana mtoto alitumwa kwa jirani alfajiri kuomba kijinga cha moto. Mjini watu walikula unga wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo, wakauita Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile. Lakini huku kwetu mwenye uwele na mtama ghalani alijiona tajiri.

Wazee hupenda kutusimulia habari hizi kama habari ya mjane wa Sarepta, ambaye unga wake haukwisha. Lakini tulipokaa nao siku ya pili na ya tatu, mambo mengine yalitoka. Unga wa Shelui ulikwisha, na mwenye ufunguo wa duka aliwajua watu wake.

Kazi ya duka ilikwenda hivi. Bidhaa zilitoka kampuni ya biashara ya mkoa, zikaletwa dukani, na balozi wa nyumba kumi akawa na orodha ya kaya zake. Watu walipanga mawe tangu usiku, kila jiwe likishika mahali pa mwenyewe. Kulipokucha mara nyingi duka lilifunguliwa vitu vikiwa vimekwisha pungua, na hakuna aliyeuliza vilikokwenda. Mzee aliyewahi kuuza dukani alitueleza, akitutaka tusimtaje, kwamba siku moja alijiwa na mama aliyefiwa na mtoto, akiomba bafta ya sanda. Bafta ilikuwapo, nayo alikuwa ameificha kwa ajili ya shemeji yake. Akasema hakuna. Mtoto akazikwa katika kanga ya jirani, na jirani yule hakutoka nyumbani muda wa majuma mawili, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine. Mzee alisema, "Shemeji alishona shati. Nililiona kila Jumapili."

Mwezi wa Machi 1983 Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Wengi nchini walitupa mali vichakani usiku kwa hofu. Wengine wa Shelui hata leo husifu kazi ile, wengine hunyamaza. Nasi twadhani wanaonyamaza nao waulizwe.

Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na mitumba ikaanza kuonekana minadani. Kisha mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa ameshika nchi, yakaja mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola iliyokuwa karibu shilingi 17 ikawa 40. "Kwanza tulikuwa na fedha pasipo vitu," walituambia, "kisha tukawa na vitu pasipo fedha."

Walimu wa usharika, twawaomba mwaandikishe vijana masimulizi haya katika daftari, maana waliokuwa na miaka 30 wakati ule sasa wamepita 70. Msianze kwa kuuliza habari za njaa. Ulizeni nani alikuwa na ufunguo wa duka, na nani alimpa nani nguo. Asiyeweza kutaja mwaka aulizwe ni mtoto yupi aliyekuwa mgongoni siku zile, na kama Sokoine alikuwa amekwisha kufa, yaani tarehe 12 Aprili 1984. Kwa njia hiyo miaka hujulikana.