Kuchagua Kozi na Chuo Pale Mtu Anapovutwa na Taaluma Mbili

Mhitimu wa kidato cha sita nchini Tanzania anayevutwa na taaluma mbili kwa pamoja, tuseme udaktari na sayansi ya siasa, aghalabu hujiuliza ni ipi anayoipenda zaidi, na swali hilo humchosha bila kumfikisha popote, kwa kuwa bado hajaifanya kazi yoyote kati ya hizo. Lenye manufaa zaidi ni swali jingine: ni taaluma ipi ambayo, isiposomwa sasa, itakuwa vigumu kuirudia baadaye?

Zipo taaluma zinazoweza kuitwa funge, yaani zile ambazo sheria hairuhusu mtu kuzifanya bila shahada mahususi na usajili wa chombo kinachozisimamia. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka 5, kisha hufuata utarajali, yaani mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na baada ya hapo ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili mhusika kikamilifu. Mhandisi naye husoma miaka 4 na kusimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Taaluma wazi, kwa upande mwingine, ni zile zinazompokea mtu aliyetoka katika fani nyingine, kama vile siasa, biashara na uandishi wa vitabu. Hussein Ali Mwinyi alisomea udaktari kabla ya kuingia bungeni mwaka 2000, na mwaka 2020 akachaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar. Mwanasiasa anayetaka kuwa daktari hana njia ya namna hiyo, kwani ni lazima aanze mwaka wa kwanza kama wenzake wote.

Tofauti hiyo huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani, kwa sababu tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, huwa imekwisha kuamua mengi. Aliyesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, anaweza kuomba udaktari, ufamasia, kilimo au tiba ya mifugo, na katika baadhi ya vyuo hata kozi za sayansi ya jamii, ilhali aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza hawezi kuomba udaktari hata akipata alama A katika masomo yote matatu.

Hata hivyo, kanuni hii ya kutanguliza taaluma funge isichukuliwe kuwa amri ya kumpeleka kila mwenye PCB wodini, na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea kwa nia njema. Kupenda somo si sawa na kupenda kazi inayotokana na somo hilo, na yote mawili ni tofauti na kupenda cheo chake; kijana anayeifurahia Baiolojia lakini hastahimili kukaa na wagonjwa usiku kucha ana nafasi nzuri katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako somo lilelile humwongoza kwenye lishe, kilimo au tiba ya mifugo. Njia ya kuyatenganisha mapenzi hayo matatu ni kusoma orodha ya masomo ya kila mwaka katika kitabu cha maelezo ya chuo badala ya kutosheka na jina la kozi, kisha kumtafuta mtu mwenye miaka kadhaa kazini, si bingwa anayesifiwa magazetini, na kumwomba aeleze siku yake ya kawaida ilivyo.

Chuo huchaguliwa baada ya kozi, na kigezo kinachopuuzwa zaidi ni mahali pa mafunzo kwa vitendo. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa mfano, kiko pamoja na Hospitali ya Taifa, na ukaribu huo una thamani ambayo majengo mapya hayawezi kuifidia. Ada nayo ipimwe kwa makini, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika aliyeajiriwa.

Tangu mwaka 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtaka aliyedahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja tu ndani ya muda unaotangazwa. Muda huo ni mfupi mno kwa uamuzi wa uzito huu, kwa hiyo mazungumzo na wanataaluma pamoja na wazazi yafanyike wakati matokeo ya mtihani bado yanasubiriwa.