Kuacha Dawa za Akili si Kuzitupa: Chakula, Usingizi na Subira



Katika somo letu la mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulificha, yaani namna ya kumtunza ndugu aliyekuwa akitumia dawa za ugonjwa wa akili, za sonona au za usingizi, na ambaye sasa anazipunguza. Kwetu pwani, toka Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo na Saadani, mambo haya husemwa kwa kunong'ona. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa huachwa apambane peke yake, naye huumia bure.

Tuanze kwa kumkumbuka nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa amechoka hata akaomba afe, akalala chini ya mti jangwani. Malaika aliyetumwa kwake hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa kuwa safari yake ilikuwa ndefu. Ndipo Eliya akapata nguvu ya kwenda siku 40 mpaka mlima Horebu. Nasi tufuate utaratibu huo: chakula, maji na usingizi kwanza, lawama tuziache.

KWA NINI WATU HUKATIZA DAWA?

Sababu zinajulikana. Dawa imekwisha katika zahanati na fedha ya kununua dukani haipo. Nauli ya kutoka Bagamoyo hadi hospitali ya Dar es Salaam, kilomita 70 hivi, imekosekana. Mgonjwa amepata nafuu akadhani amepona. Dawa imemnenepesha, imemkausha kinywa au imemtetemesha mikono, naye amechoka nayo. Au mtu fulani amemwambia kuwa mwenye imani hahitaji vidonge.

Tuseme wazi kwamba wapo wanaohitaji dawa hizi kwa miaka mingi, kama vile mwenye kisukari anavyohitaji zake. Hiyo si aibu, wala si upungufu wa imani. Wapo pia ambao daktari huona wakati umefika wa kupunguza. Somo letu ni la hawa wa pili. Yule ambaye dawa imemwishia bila kutaka asingoje mwezi uishe. Aende kituo cha afya siku ile ile na kueleza. Mama mjamzito vilevile asikatize mwenyewe kwa hofu ya mtoto, bali awahi kliniki.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Ubongo ukikaa na dawa kwa miezi au miaka, hujipanga upya kuifuata. Dawa ikiondolewa ghafla, hali huwa kama ya mtu aliyeegemea mlango, kisha mlango ukafunguliwa. Dalili hutegemea aina ya dawa:

1. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, kama diazepamu (Valium). Mtu hupata hofu, jasho, kutetemeka na kukosa usingizi. Kwa aliyezitumia muda mrefu, kukatiza ghafla kwaweza kuleta degedege, hata kifo. Fenobabitoni nayo ina hatari hiyo hiyo.

2. Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini. Huweza kuja kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali na hasira za haraka. Wengine husikia kama shoti ya umeme kichwani.

3. Dawa za wanaosikia sauti au kuona yasiyokuwapo, kama klopromazini (Largactil) na haloperidoli. Huweza kuja kutapika, kuhangaika na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe waweza kurudi.

4. Sindano ya kila mwezi, kama Modecate. Hii hukaa mwilini kwa majuma mengi. Aliyeikosa huonekana mzima kwa muda, jamaa wakafurahi, kumbe dawa inaisha taratibu. Hapa familia nyingi hudanganyika.

Dalili za kuacha dawa mara nyingi huanza siku chache baada ya kupunguza, nazo huambatana na mambo mapya ya mwili kama kizunguzungu au kutapika. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida huja polepole zaidi na kwa sura ile ile ya zamani. Hata hivyo, kazi ya kutofautisha haya mawili ni ya mganga, si ya majirani.

KUPUNGUZA KWA MPANGO

Huko Newcastle, Uingereza, Dakta Heather Ashton aliongoza kliniki ya watu wanaoacha dawa za jamii ya diazepamu toka mwaka 1982 hadi 1994. Fundisho lake kubwa ni kupunguza polepole, kwa mwendo ambao mgonjwa mwenyewe anaumudu. Mwongozo uliotolewa na vyama vya madaktari wa Marekani mwaka 2025 unafuata njia hiyo: kwa dawa za jamii hii, kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu, kisha kukaa wiki 2 hadi 4 kabla ya kufikiria kupunguza tena. Hatuandiki haya ili msomaji achukue wembe na kukata vidonge nyumbani. Tunataka ajue kuwa hii ni kazi ya miezi, na kwamba asione haya kumwambia daktari, "Tafadhali, twende polepole."

Aanzie zahanati au hospitali ya wilaya, na ikibidi apewe rufaa kwenda Muhimbili. Nyumbani pawe na daftari dogo la kuandika kila siku kiasi cha dawa, saa alizolala, alichokula na jinsi alivyojisikia. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka-kumbuka. Mtu mmoja anayeaminika ndani ya nyumba azitunze dawa mahali pa kufungwa.

CHAKULA CHA KUMJENGA

Hakuna chakula wala mzizi unaofukuza dawa mwilini. Ini na figo huifanya kazi hiyo kwa mwendo wao. Chakula kinampa mgonjwa nguvu ya kuhimili safari. Jambo la kwanza ni kula kwa saa zile zile kila siku, kwani tumbo tupu nalo huleta kutetemeka, jasho na hasira, mtu akadhani ni dawa. Vyakula vyetu vya pwani vinatosha:

Asubuhi: uji wa dona au wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, au muhogo wa kuchemsha pamoja na maharage.

Saa 4: tunda la msimu, kama papai, chungwa, embe, ndizi mbivu au nanasi la Kiwangwa.

Mchana: ugali au wali kwa dagaa au kibua, na mboga ya mchicha, matembele au kisamvu. Siku samaki ni ghali, kunde au mbaazi za nazi zinafaa sana.

Jioni: chakula chepesi na mapema, kama supu ya samaki na viazi vitamu.

Akiwa na kichefuchefu, apewe kidogo kidogo hata mara 5 au 6 kwa siku, wala asilazimishwe sahani kubwa. Dawa kadhaa za akili hufunga choo, na zikipunguzwa tumbo laweza kulegea na kuharisha. Akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Joto letu la pwani hukausha mwili upesi. Kwa hiyo awe na maji karibu siku nzima.

Anayetumia lithiamu awe mwangalifu zaidi. Asiache chumvi ghafla wala asikae na kiu, maana dawa hiyo yaweza kuzidi katika damu. Akiharisha au kutapika, awahi hospitali. Tena, balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa, kama kabamazepini na diazepamu. Anayezitumia ale chungwa badala yake.

VITU VYA KUEPUKA

Kahawa chungu ya barazani ni tamu kwa mazungumzo, lakini nusu ya nguvu yake yaweza kubaki mwilini saa 5 baada ya kuinywa. Aliyekunywa saa 11 jioni asishangae kukesha. Afadhali anywe asubuhi tu, na apunguze taratibu. Vinywaji vya kuchangamsha vya chupa na makopo vina nguvu ya namna hiyo hiyo.

Pombe, iwe mnazi, bia au gongo, humlaza mtu saa chache kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na wasiwasi zaidi. Pamoja na diazepamu yaweza kuzuia pumzi. Bangi na mirungi huchochea maradhi ya akili. Anayetaka kuacha sigara amweleze daktari kwanza, maana moshi wa tumbaku hubadili jinsi ini linavyoondoa dawa nyingine, kama haloperidoli. Kuhusu mitishamba ya "kusafisha damu", tunashauri isichanganywe na dawa za hospitali. Kama ameshaitumia, amwambie mganga bila kuogopa.

USINGIZI NA KAZI

Aamke saa ile ile kila siku, hata kama usiku hakulala vizuri. Mchana asilale zaidi ya nusu saa. Atembee alfajiri ufukweni au shambani jua halijawa kali. Anayetumia klopromazini avae kofia na mikono mirefu, kwani ngozi yake huungua upesi.

Kazi nayo ni sehemu ya matibabu. Kule Lutindi, wilaya ya Korogwe, ndugu zetu Walutheri wana hospitali ya akili iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Huko wagonjwa hufanya kazi za mikono na za shamba kadiri ya nguvu zao. Nyumbani kwetu mgonjwa aweza kumwagilia bustani, kusuka ukili, kushona nyavu au kuchambua mchele. Lakini katika miezi ya kupunguza dawa asikwee mnazi, asiende baharini kuvua, asiendeshe bodaboda wala asipike peke yake kwenye moto mkubwa. Kizunguzungu cha dakika moja chatosha kuleta msiba.

SALA NA MFUNGO

Sala na dawa havigombani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na dawa, kwa kuwa vyote vyatoka kwa Mungu. Wakati wa Kwaresma mgonjwa habanwi na sheria ya kufunga. Asiruke chakula wala dawa akidhani anampendeza Mungu. Toba yake aweza kuifanya kwa sala au tendo la huruma. Maji na dawa havivunji mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo.

Jumuiya Ndogo Ndogo zina kazi kubwa hapa. Kumchangia nauli ya kliniki, kumpelekea samaki, kumsindikiza hospitali na kukaa naye jioni ni matendo ya huruma. Maneno kama "kichaa" na "mwehu" tuyaondoe midomoni mwetu.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku, mkiona:

- degedege au kupoteza fahamu;
- homa kali pamoja na mwili kukakamaa au kuchanganyikiwa;
- kutolala kabisa usiku 2 mfululizo;
- kusikia sauti, au kuwashuku watu wa nyumbani kuwa wanataka kumdhuru;
- kukataa kula na kunywa;
- kusema anataka kufa.

Asemaye anataka kufa asiambiwe kwamba anatania. Msimwache peke yake, na mwondoe karibu naye kamba, sumu ya panya, dawa za mashambani na vidonge. Ikiwa daktari atashauri arudi kwenye kiasi cha dawa cha awali, hiyo isihesabiwe kuwa ni kushindwa. Eliya naye alilala mara mbili kabla ya kuinuka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu kuna familia inayomtunza mgonjwa wa akili peke yake? Tumeitembelea lini?

2. Nauli ya kliniki ikikosekana, tunaweza kufanya nini ili mgonjwa asikatize dawa?

3. Maneno gani tunayoyatumia huwafanya wagonjwa wajifiche?

Bwana aliyemlisha Eliya jangwani awape subira wagonjwa wetu wote na wale wanaowatunza.