Alama za Wamisri wa Kale na Maana Zake

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu khabari ya vidani vyenye sura ya jicho, na vyenye sura ya msalaba uliopindwa kitanzi kwa juu, ambavyo vijana huvivaa shingoni na wauzaji hudai kuwa vina siri ya Mafirauni. Twajibu.

Yapasa ijulikane kwanza kuwa alama hizo ni maandishi. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri karibu na mwaka 1200, aliyaona yamejaa juu ya majengo ya kale, akaandika kuwa hakumkuta mtu aliyejua kuyasoma. Siri yake ilikuwa ni hiyo tu: wasomaji walikuwa wamekwisha. Mwaka 1799 likapatikana Rashid jiwe lenye maneno yale yale kwa khati tatu, mojawapo ya Kiyunani, na mwaka 1822 Mfaransa Champollion akalifumbua fumbo.

Ule msalaba wenye kitanzi wasomeka "ankh", yaani uhai. Makibti waliuchukua baadaye wakaufanya msalaba wao.

Jicho ni la Horus, mungu wao mwenye kichwa cha kipanga. Walidai kuwa Seth alilijeruhi na Thoth akaliponya, ndipo likaitwa "wedjat", zima. Walio hai walilivaa kwa kinga, na maiti aliwekewa bamba lake juu ya jeraha la ubavuni palipotolewa matumbo. Basi mwenye kulivaa leo kwa kutaka kinga, aitaka kwa nani? Na amfungaye mwanawe hirizi kwa kuogopa kijicho asimcheke.

Lakini ajabu zaidi ni dundu yule abingirishaye donge la mavi. Waliona watoto wake wakitoka dongeni, wakadhani amejiumba; sura yake ikasomeka "kheper", kuwa, wakamfananisha na jua lichomozapo. Kisha wakamchonga kwa jiwe la kijani na kumweka juu ya kifua cha maiti. Kwani waliamini hisabu: moyo hupimwa mizanini na unyoya wa Maat, yaani haki, na aliyeshindwa moyo wake huliwa na mnyama mwenye kichwa cha mamba. Chini ya dundu waliandika maneno ya kuuomba moyo usisimame kumshuhudia mwenyewe mbele ya mizani.

Tazameni: watu walioijua mizani, na wakajua kuwa kiungo cha mtu chaweza kumshuhudia, walitafuta jiwe la kumnyamazisha shahidi! Mawe hayo yamo leo katika majumba ya makumbusho ya Cairo na London, na ombi lile lingali lasomeka.